Ya Kushoto Haisikiki

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Mama mmoja mkulima wa mpunga wa Ubaruku, kwenye mahojiano niliyopewa niyaandike kutoka kwenye rekodi, alikuwa amesema, "Shamba langu wamelilima." Mimi nikaandika, "Shamba langu wamelipima." Mama wa watu analalamika kwamba wameingia na trekta kwenye majaruba yake bila kumuuliza, mimi nimemfanya aonekane anashukuru kupimiwa ardhi.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mwalimu wa chuo huko Iringa, mwanamke wa rika langu, mpole wa sauti lakini asiyependa mchezo kwenye kazi yake. Alinipigia Jumatatu asubuhi.

"Dada, ukurasa wa nne. Uliusikiliza vizuri?"

"Niliusikiliza, mwalimu."

"Hebu sikiliza tena. Nakusubiri."

Nikaweka simu mezani, nikafungua kompyuta, nikavaa earphone zangu za waya na kusikiliza mara tatu. Nikarudi kwenye simu.

"Anasema wamelipima."

Akauliza, "Mbele yake anataja trekta. Trekta linapima shamba?"

Akaniambia kwamba rekodi zilizobaki ni kumi na nne, na zile tano nilizokwisha kumtumia nizirudie zote mpaka Jumatatu inayofuata. "Kama tatizo ni vifaa, tafuta vifaa," alisema. "Kama tatizo ni wewe, niambie mapema nimpe mtu mwingine. Sitakasirika. Ila niambie."

"Tatizo ni vifaa," nikasema.

Na niliamini hivyo kabisa. Tunakaa Soweto, hapa Mbeya, vyumba viwili vya kupanga, na ukuta wa chumba ninachofanyia kazi umegusana na mashine ya kusaga. Inawashwa saa mbili asubuhi, na ikiwashwa hata vikombe kwenye kabati vinaongea. Earphone zenyewe nilikuwa nimezinunua kwa mtu anayetembeza mkononi. Nilikuwa nimepandisha sauti mpaka mwisho, na jioni kichwa kilikuwa kinaniuma upande mmoja.

Kazi ile sikuipata kwa bahati. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa kijijini huko Iringa, lakini kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka sita Ubaruku, kwenye kinu cha kukoboa mpunga, nikishona midomo ya magunia. Wale kina mama ninawajua wanavyoongea, Kisangu kinavyoingia katikati ya Kiswahili chao na kutoka bila kupiga hodi. Mwalimu alitafuta mtu wa namna hiyo muda mrefu. Na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi ya kukaa kwenye kiti, kazi ya kichwa changu. Wazo la kumwona mtu mwingine akipewa lilininyima usingizi usiku ule.

Jumanne nikaenda soko la Mwanjelwa. Nilikuwa nimeulizia kwa watu, nikaelekezwa duka la mama mmoja anayeuza vifaa vya simu, mtu mzima, mwenye ushungi safi na miwani ya kusomea iliyofungwa kamba. Babu yake alikuja Mbeya kutoka Kilwa na biashara ya nguo, na Kiswahili chake mpaka leo kina ladha ya pwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza: nataka earphone zisizo na waya, zinazozuia kelele, za bei ya mtu wa kawaida, za kusikilizia maneno ya watu na siyo muziki. Hilo la mwisho lilimfurahisha. Alisema vijana wote wanaokuja wanataka besi tu. Akanitolea boksi, akafuta zile earphone kwa pamba yenye spiriti, akanionyesha vipira vyake, vidogo, vya kati na vikubwa.

"Kipira ndiyo mwanzo wa yote," alisema. "Kikiwa kidogo hewa inapita, kelele inaingia, sauti inakuwa nyembamba. Kikiwa kikubwa kinakuumiza na kinajitoa chenyewe. Ingiza, zungusha kidogo kwa nyuma. Sasa tafuna kama unakula."

Nikatafuna hewa pale dukani. Kipira cha kati kikakaa vizuri pande zote mbili. Nilikuwa nimebeba rekodi moja kwenye simu makusudi, nikaiwasha. Sauti ya yule mama wa Ubaruku ikaja safi kulia. Kushoto, kama mtu anaongea akiwa nyuma ya blanketi.

"Ya kushoto haisikiki," nikasema.

"Badilisha kipira."

Nikaweka kikubwa, halafu kidogo. Ni yale yale. Mama hakubishana. Akafungua boksi jingine, aina nyingine. Kulia safi, kushoto blanketi. Akafungua la tatu, la bei ya juu kidogo. Kushoto blanketi.

Hapo nikaanza kutokwa jasho. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wateja wawili, mmoja anataka chaja, mwingine nadhani alikuwa anasubiri tu kuona mwisho wa mambo. Nilifikiria Jumatatu. Nilifikiria safari ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na mashine ya kusaga inanisubiri.

"Mama, boksi tatu zote mbovu?" nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Duka zima ni feki?"

Yule mtu wa chaja akaguna. Mama akanitazama juu ya miwani yake. Hakukasirika, au kama alikasirika aliimeza hasira yake. Alichukua ile earphone ya kushoto mkononi mwangu, akaifuta tena kwa spiriti, akainua upindo wa ushungi wake na kuiweka sikioni mwake mwenyewe. Akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Anasema mvua zilichelewa," alisema. "Anasema mbegu ziliozea kitaluni. Namsikia mpaka anavyovuta pumzi."

Akaivua, akaifuta, akanirudishia zote mbili. "Sasa ya kulia weka kushoto. Ya kushoto weka kulia. Haitakaa vizuri, lakini weka, ishikilie na kidole."

Nikafanya. Ile ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa nzima, nilipoiweka kushoto ikafa. Ile mbovu, nilipoiweka kulia ikaongea vizuri kabisa.

Nikazibadilisha tena. Nikazibadilisha tena mara ya tatu. Nikavua, nikaweka zote juu ya kioo cha meza yake, nikasema betri itakuwa inaisha, nikatoka. Sikumwomba radhi. Sikumwambia hata asante kwa maboksi matatu aliyoyafungua. Nilisikia ananiita, "Mwanangu," mara moja, nikaongeza mwendo.

Nyumbani nilijifungia nikaanza kujipima kama mtoto anayecheza. Nilisugua vidole karibu na sikio la kulia, nikasikia ngozi inavyosuguana. Kushoto, kimya. Niliweka simu kushoto na kumpigia mtu wa huduma kwa wateja ili tu aongee. Nikasikia sauti inapanda na kushuka, maneno hayamo. Kisha nikakaa kitandani na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Kwa nini simu huwa naweka kulia siku zote. Kwa nini nikilalia ubavu wa kulia silisikii hata jogoo la jirani.

Mume wangu ni fundi seremala, Mnyakyusa, mtu wa maneno machache. Jioni aliporudi nilimwambia asimame kushoto kwangu, aninong'oneze kitu chochote. Nikaziba sikio la kulia kwa kiganja, nikafumba macho. Nilihisi pumzi yake shingoni. Nikasubiri.

"Haya, nong'ona," nikasema.

"Nimeshanong'ona."

"Rudia."

Pumzi tena. Nikafumbua macho nikamwona anaikunja midomo yake, mtu mzima anayezuia machozi.

"Umesema nini?"

Nikamshika mkono. "Umesema nini?"

"Nimesema, nilidhani umenichoka." Akakaa kwenye kiti. "Mwaka mzima huu nakuita kitandani, unanigeuzia mgongo kama hujaitwa. Nikasema basi, mama huyu amenichoka, anasubiri tu mimi niseme tuachane."

Nilijua hizo siku. Nilijua alivyoacha kunisimulia habari za karakana, na mimi nikadhani yeye ndiye aliyenichoka. Tulikaa pale bila kuwasha taa, chakula kikiwa bado jikoni, na nilikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya Jumatatu, kwa sababu sikujua ni vitu gani vingine vilikuwa vimesemwa upande ule nisivyovisikia.

Jumatano tulikwenda hospitali wote wawili. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi baada ya saa saba. Daktari wa masikio alikuwa kijana, mchangamfu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Mama, huku kuna nta imejaa. Imeziba kabisa."

Sijui niseme nini juu ya furaha niliyopata kwa neno hilo, nta. Mume wangu alicheka kwa sauti. Nesi akaleta beseni na bomba la sindano lenye maji ya uvuguvugu, wakanisafisha, nikaona uchafu unatoka nikataka kuubusu. Daktari akasugua vidole karibu na sikio.

"Unasikia?"

"Nasikia!"

Nilisikia kweli, kidogo. Lakini yeye aliacha kutabasamu. Akasema afadhali nipimwe kabisa.

Kipimo chenyewe ni kachumba kadogo kenye kuta nene. Unavalishwa hedifoni kubwa, unapewa kitufe. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo namna gani, unabonyeza. Walianza na sikio la kulia nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha wakahamia kushoto. Nikasikia mlio mzito, nikabonyeza. Mwingine, nikabonyeza. Halafu kukawa kimya. Kimya kikaendelea. Kupitia kioo niliona kichwa cha daktari kimeinama kwenye mashine yake na mkono wake unatembea, na nikajua kwamba anapiga milio na mimi siisikii. Nikaanza kubonyeza. Nilibonyeza kwa kukisia, nikihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, bonyeza.

Akafungua mlango.

"Mama," alisema kwa upole, "hapo mwisho umebonyeza mara nne, na mimi sijapiga kitu. Nilikuwa naandika."

Niliona aibu kuliko nilivyoona kule dukani. "Nina kazi inayotegemea masikio," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka nijue ukweli wake. Tuanze tena."

Tukaanza tena, na safari hii niliacha kimya kiwe kimya.

Alituchorea kwenye karatasi. Sauti nzito sikio la kushoto linazipata. Zile nyembamba zimeondoka, na ndizo zinazobeba ncha za maneno, zinazokufanya ujue kama mtu amesema kulima au kupima. Kulia napo pameanza kuteremka, kidogo sana. Aliniuliza nimewahi kufanya kazi kwenye kelele. Nikamwambia kuhusu kinu cha Ubaruku. Akauliza injini ilikuwa upande gani. Nilinyoosha mkono wa kushoto kabla sijafikiri.

"Sitakuapia kwamba ni hiyo," alisema. "Lakini miaka sita ni mingi. Kilichokufa hakirudi. Cha kulinda sasa ni huku kulia." Na hapo akasema jambo ambalo sikulitarajia: nizitafute hizo earphone za kuzuia kelele, tena zinazokaa sawasawa, kwa sababu kinachomaliza watu ni kupandisha sauti ili kuishinda kelele ya nje. Kelele ikizuiwa, sauti inabaki chini. "Ikifika nusu, ishia hapo," alisema.

Alhamisi nilirudi Mwanjelwa. Nilisimama mbali na duka la yule mama kwa muda, nikijifanya naangalia viatu. Mwishowe nikaenda.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Maboksi yako yalikuwa mazima."

"Marahaba." Akavua miwani. "Nilijua. Umeenda hospitali?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo namshukuru nacho: hakunihurumia zaidi ya hapo. Alitoka nyuma ya meza, akahamia kulia kwangu, akasema, "Basi tununue kwa sikio moja linalofanya kazi, na kipira kizuri kwa yote mawili."

Tulichukua karibu saa nzima. Boksi la kwanza lilikuwa limeandikwa kubwa kwamba linazuia kelele, akaliweka pembeni. "Hili linamzuilia kelele yule unayempigia simu. Wewe mwenyewe utabaki na kelele yako. Wengi wananunua hili halafu wanarudi na matusi." Nikainamisha uso, akacheka. Zilizobaki zilikuwa aina mbili. Alinituma nizivae nikasimame jirani, kwa mafundi wa kuchomelea, kwenye jenereta lao.

Za kwanza zilipunguza muungurumo, lakini ndani yake kulikuwa na upepo, shhh, usioisha, na baada ya dakika chache sikio likaanza kuuma sehemu ya juu. Za pili zilikuwa ndogo na nyepesi. Nilipobonyeza zizuie kelele, jenereta likarudi nyuma. Halikuisha, lilihamia mbali, kama liko ng'ambo ya mto. Mlio wa nyundo kwenye chuma ulibaki, mkali, na mama alikuwa ameshaniambia utabaki. Nikawasha ile rekodi, sauti ikiwa nusu. Nikatafuna. Nikatingisha kichwa, mafundi wakanishangaa. Hazikutoka.

Niliporudi alinionyesha mahali kwenye simu ambapo unaweza kuunganisha sauti za pande mbili ziwe moja na kuielekeza zaidi sikio moja. Aliniambia kwenye kompyuta napo pana sehemu kama hiyo. Nililipa elfu hamsini na tano, akaniongezea seti ya vipira bure.

Siku tatu zilizofuata sikutoka nje. Mashine ya kusaga ilinguruma ukutani na mimi niliifanya ikae mbali. Niliporudia ukurasa wa nne, yule mama alisema, "Shamba langu wamelilima." L ilikuwa pale, wazi. Lakini sikufurahi muda mrefu, kwa maana kurasa zilizofuata nilikuta makosa mengine. Neno hapa, neno pale. Mama mmoja alikuwa amesema watoto wake "wanakosa" nikaandika "wanakosha". Mwingine nilikuwa nimemwandikia jina la mtu ambaye hakumtaja kabisa. Haya mwalimu alikuwa hajayaona. Ningeweza kuyasahihisha kimya kimya na kumtumia.

Badala yake Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Iringa. Sikutaka kuyasema kwenye simu.

Ofisi yake ina meza mbili na dirisha linalotazama miamba. "Kamwene," nilimsalimia; alikuwa Mhehe mwenzangu.

"Kamwene. Mbona umekuja mwenyewe?"

Nikampa karatasi zilizosahihishwa, makosa yote nimeyapigia mstari mwekundu. Kisha nikatoa karatasi ya daktari, nikaiweka juu yake.

"Ulisema kama tatizo ni mimi nikwambie. Lilikuwa mimi."

Alisoma ile karatasi muda mrefu, kisha akapitia mistari myekundu mmoja baada ya mwingine. Nilikaa mikono mapajani. Alipofika kwenye lile jina la mtu asiyetajwa, akasimamisha kidole.

"Hili lingeniletea matatizo makubwa."

"Najua."

"Ningeliacha hivyo, mtu angeitwa kwenye mambo asiyoyajua."

"Najua, mwalimu."

Akavua saa yake, akaiweka mezani, akaivaa tena. "Siwezi kukupa zote kumi na nne," alisema. "Nitakuwa mwongo nikisema sina wasiwasi. Nakupa saba. Nyingine nampa mtu mwingine, halafu kila mmoja amhakikie mwenzake. Yeye hajui Kisangu. Masikio yake ni mazima ila haelewi anachosikia. Unakubali?"

Nilikuwa nimekuja nikitegemea sifuri au kumi na nne. Saba ilinikuta sijajiandaa. Iliniuma, sitaficha. Kisha nikasema nakubali.

Zile saba zilikwisha salama. Huyo mwenzangu alinikuta na makosa mawili. Mimi nilimkuta na mengi zaidi, mengi ni maneno ya mashambani ambayo hakuwahi kuyasikia maishani. Mwalimu ameendelea kutupa kazi hivyo hivyo, wawili wawili.

Kila baada ya miezi sita narudi kwenye kale kachumba kenye kuta nene. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nasikia mvumo sikio la kulia na sikumwambia mtu. Nilitoka na karatasi mkononi, mume wangu akainuka kwenye benchi.

"Wamesemaje?"

"Halijashuka. Liko pale pale."

"Na ule mvumo?"

Nikamtazama. Kumbe alijua. "Mafua," nikasema. "Daktari anasema ni mafua."

Alichukua mwavuli chini ya benchi, maana nje mvua ilikuwa imeanza, tukatoka kutafuta chai.